Matabishi ya Oksijeni

Niseme mapema, mtu asije akapoteza jioni yake bure: mimi siipendi shimi, shimi nayo hainipendi, na katika jambo hilo moja tu pande zote mbili ziko sawa.

Shimi ndiyo kemia. Tunaiita shimi kwa sababu aliyetuletea ni Mubelgiji, na Mubelgiji hakuleta kitu bila kukipa jina la kwao. Somo lenyewe ni hivi: unaandika herufi upande huu, unaandika herufi upande ule, katikati unachora mshale, halafu unatoka jasho mpaka kila kitu kiwe na idadi ileile huku na kule. Hiyo ndiyo ekwasio. Yaani mtu mzima ameacha mama yake Ulaya, amepanda meli, amepanda gari-moshi, amekula vumbi la nchi nzima, ili aje atuhesabishe herufi.

Mtu mzima huyo alikuwa Frère wetu, yaani bruda wa misheni. Alikuwa mrefu, na kanzu yake nyeupe ilikuwa na matundu kifuani yaliyotobolewa na asidi, kama vile hata asidi ilikuwa imechoka naye. Juu ya meza aliweka jiwe la kijani kutoka migodi ya Kambove. Sisi tulidhani ni la kufundishia. Kumbe ni la kugongea meza tukipiga kelele, na siku mbaya, la kugongea vidole.

Mwaka huo Katanga ilikuwa imejitenga na Kongo iliyobaki. Kila kitu kilikuwa kipya. Bendera mpya yenye misalaba ya shaba, noti mpya, stempu mpya, wimbo mpya tuliouimba kila asubuhi tukifungua midomo kama samaki kwa sababu nusu yetu hatukujua maneno. Frère tu ndiye aliyebaki wa zamani. Uhuru ulikuja ukampita, kujitenga kukaja kukampita, naye yuko palepale na chaki yake.

Siku aliyoanza ekwasio aliandika ubaoni H₂ + O₂ → H₂O, akageuka, akatafuta mtu wa kuonea.

“Weye kule nyuma, muntu ya kucheka. Kuya hapa.”

Frère alijua Kiswahili cha kuamuru tu. Kuya, enda, beba, nyamaza. Mambo mengine alisema Kifaransa, nasi tulijibu tulivyoweza. Nikaenda mbele.

“Hii inaitwa nini?” akaniuliza.

“Maji, Frère.”

“Iko sawa pande zote?”

Nikaangalia kama mtu anayefikiri. “Iko sawa.”

“Oksijeni ngapi huku?”

“Mbili.”

“Na huku, upande wa maji?”

“Moja.”

“Sasa ile ingine imeenda wapi?”

“Ile ni matabishi, Frère.”

Kwa asiye wa huku: matabishi ni kile kidogo ambacho muuzaji anakuongezea bure akishakupimia. Ukinunua karanga, kuna matabishi. Ukinunua makaa, kuna matabishi. Asiyetoa ni mchoyo, na asiyeomba ni mgonjwa. Hata padri wetu, misa ikiisha, akishabariki, anaongeza kaishara kamoja ka msalaba kwa wale wa nyuma.

Darasa likaangua kicheko, nami nikainama kama mcheza sinema. Lakini ukweli ni kwamba sikuwa nafanya mzaha. Kwa kichwa changu cha Kamalondo, mtaa wetu, kitu kilichozidi upande mmoja hakikuwa kosa. Kilikuwa adabu.

Frère hakucheka. Aligonga jiwe lake, akasema kwenye shimi hakuna matabishi, hakujawahi kuwa na matabishi, na hakutakuwa na matabishi. Kisha akanipeleka kusugua chupa za maabara, zote, pamoja na zile ambazo hazikuwa chafu. Hizo ndizo zilizokuwa matabishi yake kwangu, ila hakujua.

Mara ya pili nilijaribu kwa akili. Kama tatizo ni oksijeni moja kukosa makao, basi nimpe makao. Nikafuta H₂O, nikaandika H₂O₂. Mbili huku, mbili kule. Nikaweka chaki chini, nikapangusa mikono kama fundi aliyemaliza nyumba.

“Unajua umeandika nini?” Frère akauliza, polepole sana.

“Maji, Frère. Yenye nguvu.”

“Umeandika dawa ambayo muuguzi anamwaga juu ya kidonda ikatoka povu. Nyumbani kwenu munakunywaka ile?”

Mtu akikudharau kwa Kifaransa unaweza kujifanya hukuelewa. Lile swali alilimalizia kwa Kiswahili makusudi. Chupa tena.

Nyumbani habari ilinitangulia, kama kawaida ya habari. Baba ni mtu wa reli, kama babu, aliyeshuka kutoka kaskazini ya Katanga kuja kulaza mataruma. Anasali rozari namna anavyokaza bolti: moja baada ya moja, bila kuruka. Alinisimamisha mbele ya meza.

“Sikia. Mwisho wa muhula kuna mutihani ya mudomo. Ule anaanguka shimi, banamufukuza. Njo vile banasema?”

“Njo vile, baba.”

“Yomba yako wa Lukafu anatafuta mikono ya kulima muhogo. Ukianguka, unaenda. Siongeze neno.”

“Hata moja ya matabishi?”

Hakucheka na yeye. Mwaka huo watu wazima wote walikuwa wamesahau kucheka.

Lukafu mimi naijua, kwa mjomba nilikaa likizo nzima. Kuna muhogo. Ukigeuza shingo upande wa pili, kuna muhogo mwingine. Jioni watu wanakaa wanazungumza habari za muhogo. Mimi, mtoto wa Kamalondo, niliyelelewa kati ya cherehani za mafundi na gitaa za baa, nizeeke na jembe kwa sababu ya oksijeni moja? Nilimchukia Frère kwa moyo wote, na oksijeni kwa moyo uliobaki.

Lakini kuchukia hakutoshi, mtu anahitaji pia jirani wa dawati. Wangu alikuwa mtoto wa watu wa Kasai, mkoa wa jirani, baba yake muuza vitambaa. Alikuwa na sauti ya katekista na kola iliyopigwa pasi hata siku za mvua. Ekwasio alizimeza kama maji, haya ya kweli, si yangu ya kidonda. Nilimdharau vizuri tu, ila nilimpa binkubala, wale viwavi wakavu ambao mama aliwakaanga na chumvi, naye akanipa majibu chini ya dawati.

“Usiguse namba ndogo,” alininong’oneza. “Ndogo ni yake ya kuzaliwa. Unaweka namba mukubwa mbele, tu.”

“Sababu gani?”

“Njo vile.”

“Sababu gani njo vile?”

“We kula jibu, unyamaze.”

Nikala jibu. Pointi zangu zikapanda. Frère akanitazama kama mtu anayeona punda anapanda ngazi, lakini hakuweza kunishika. Lukafu ikaanza kwenda mbali, na mimi nikarudia kazi yangu halisi, ambayo ni kuiga mwendo wa Frère kila anapogeuka ubaoni.

Halafu Jumatatu moja upande wangu wa kushoto hakukuwa na mtu.

Hatukuuliza, maana wote tulijua. Wiki hizo watu wa Kasai walikuwa wanaambiwa mitaani kwamba hii si nchi yao. Milango inapigwa, madirisha yanavunjwa, kwa hiyo walikuwa wanabeba godoro na sufuria na kwenda kujibanza nje ya mji, karibu na askari wa Umoja wa Mataifa wenye kofia za buluu, chini ya mahema na makuti na magunia. Darasani kwetu madawati kadhaa yalibaki na mtu mmoja mmoja, kama meno ya mzee. Tukaimba wimbo mpya. Tukakaa. Frère akafungua somo kana kwamba hakuna kitu, akasema leo ni sheria kubwa kuliko zote: katika shimi hakuna kinachopotea. Kilichokuwa upande huu wa mshale lazima kionekane upande ule, chote, hata kama kimebadilika sura.

Nikainua kidole.

“Ndiyo, muntu ya kucheka?”

“Kama hakuna kinachopotea, Frère, mwenzangu wa hapa iko wapi?”

Hakuna aliyecheka, na mara ile moja sikutaka wacheke. Frère alilishika jiwe lake la kijani, nikakunja vidole vyangu chini ya dawati. Hakugonga. Aliangalia dirishani, upande ambao bomba la kiwanda cha shaba linatoa moshi, akasema, “Tuendelee.” Tukaendelea. Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria kubwa kuliko zote.

Sasa nimebaki peke yangu, mtihani unakuja, na binkubala wangu hawana wa kuwala. Nilijaribu kukumbuka maneno ya yule katekista wangu wa dawati: usiguse namba ndogo, weka kubwa mbele. Lakini kubwa ipi, mbele ya nani? Niliweka mbili hapa, tatu pale, nne kila mahali, mpaka daftari likafanana na orodha ya timu za mpira. Kila mara kilibaki kitu kimoja kinanitazama bila mwenzake.

Jumamosi mama akanichukua kubeba gunia. Mama anauza bunga, yaani unga wa mahindi, pale soko la Kamalondo, kwa kopo. Siku zote mimi hutupa gunia chini na kukimbia kabla hajapata kazi nyingine ya kunipa. Siku hiyo alinishika kola.

“Kaa hapa. Mutoto ya shule anakimbiaka mama yake sawa deni.”

Nikakaa nyuma yake, juu ya kigoda, nikamwona kwa upande ambao wateja hawamwoni. Akaja mwanamke mmoja na beseni. Mama akachovya kopo katika gunia, akalisawazisha kwa kiganja, akamwaga. Kisha akachota kwa vidole rundo dogo, akaliongeza juu kwa madaha, kama malkia anayetupa peremende.

“Na hii ni matabishi yako, mama.”

“Aksanti, mama. Njo maana nakuyaka kwako tu.”

Mwanamke akaondoka anang’aa. Nami nikaangalia kopo. Dole gumba la mama lilikuwa ndani. Analishika kopo hivyo siku zote, dole lote ndani, nene, limelala ukutani. Kila kopo linatoka na nafasi ya dole.

“Mama, kidole.”

“Nyamaza.”

“Mama, kidole iko inakula bunga ya bantu.”

“Na weye unakulaka nini?”

Asubuhi ileile nilikuwa nimekula bukari, yaani ugali wa unga uleule, hadi nikashindwa kufunga mkanda. Akaja mteja mwingine, kopo, dole, matabishi, aksanti mama. Akaja mwingine. Nikazungusha macho sokoni. Muuza maharagwe, dole. Muuza mchele, dole. Soko zima limechovya madole, na mji mzima unashukuru kwa kurudishiwa unga wake wenyewe! Nilicheka mpaka nikaanguka kutoka kwenye kigoda. Miaka yote niliamini matabishi yanatoka katika moyo mwema. Kumbe yanatoka mulemule katika gunia, yalikuwa yamezuiwa na dole tu.

Na nikiwa bado chini, nimejaa unga na maganda ya karanga, ndipo ile oksijeni isiyo na mwenzake ikanijia. Haikuwa zawadi ya mtu. Nilikuwa nimepima vibaya. Namba ndogo ndiyo kopo lenyewe, na kopo halikatwi kwa sababu unga haujatosha. Namba kubwa ya mbele inasema makopo mangapi. Kama upande mmoja umezidi, hakuna cha kushangilia, kuna kopo mahali fulani halijahesabiwa. Maji? Oksijeni zilikuja mbili, kwa hiyo maji ni makopo mawili, na kwa hiyo hidrojeni nayo makopo mawili. Basi. Wiki ngapi za kusugua chupa kwa ajili ya kitu hiki! Na Frère, na diploma zake zote za Ulaya, hakuweza kukisema hivyo, kwa sababu tangu afike hakuwahi kununua unga wake mwenyewe. Boyi wake wa nyumbani ndiye aliyemnunulia.

Mtihani ulipofika, Frère hakuwa peke yake. Kando yake alikaa enspekta kutoka wizara mpya, Mkatanga mwenzetu, kofia mpya mapajani, viatu vipya vinavyolia kama bata kila akisogeza miguu. Alikuwa ametumwa kukagua, ila ilionekana hakuna aliyemwambia akague nini. Wenzangu waliingia mmoja mmoja na kutoka na sura za watu waliozika. Nikaitwa.

Frère akaanza kuandika kitu cha kloridi. Enspekta akamzuia kwa mkono.

“Apana, mon Frère. Umupe ya shaba. Ya kwetu.”

Frère akafuta bila furaha. Akaandika ekwasio ya kiwandani, jiwe la shaba lililoshikana na oksijeni, linachomwa na makaa, shaba inabaki na moshi unaondoka: CuO + C → Cu + CO₂.

“Sawazisha.”

Nikaangalia. Moshi umebeba oksijeni mbili. Jiwe limetoa moja. Hapo zamani ningesema moshi umepewa matabishi. Nikaweka mbili mbele ya jiwe, kisha mbili mbele ya shaba, nikarudi nyuma.

Frère alisogea karibu na ubao kama mtu anayekagua noti ya bandia. “Nani amekuambia?”

“Hakuna muntu, Frère.”

“Basi eleza.”

Nikaanza kwa Kifaransa, maneno yake mwenyewe ya sheria kubwa. Katikati maneno yakaniishia. Nyuma ya ubao nikaona mashamba ya mjomba, safi kabisa, mstari kwa mstari.

“Sema mu Swahili, mutoto,” enspekta akasema. “Shaba haijue Kifaransa.”

Nikasema. Nilisema yote: gunia, kopo, dole, na rundo dogo la juu. Kwamba muteja anafikiri matabishi inatokea mbinguni, kumbe inatokea mu gunia ileile. Kwamba moshi ukionekana na oksijeni ya pili, usimshukuru mtu, tafuta jiwe la pili. Enspekta alianza kucheka tumboni, kicheko kikapanda, viatu vikalia.

“Kumbe! Na ni soko gani benye kuweka kidole?”

Mimi nikishachekesha mtu mmoja sijui kusimama. “Soko zote, bwana. Lakini ya Kamalondo njo banajua kabisa. Mama yangu iko na kidole sawa sabuni muzima.”

“Kamalondo? Mama ya bunga, karibu na fundi ya cherehani?” Akapangusa machozi. “Ni kule bibi yangu anapimishaka!”

Nikajiziba mdomo kwa kiganja, nimechelewa. Lakini Frère alikuwa tayari ameandika pointi zangu, kwa kalamu iliyomkwaruza mwenyewe kuliko karatasi. Nilikuwa nimepita.

Baba aliposikia, alimaliza kwanza fumbo la rozari alilokuwamo. “Bon,” akasema. “Lukafu itangoya.” Kwa baba hayo ni maneno ya sherehe.

Jumamosi bibi wa enspekta, yaani mkewe, alikuja, kitambaa kipya kichwani, na wenzake wawili wa kushuhudia.

“Mama,” akasema, kwa sauti ya kusikika hadi kwa wauza maharagwe, “leo utanipimia bila kidole. Bwana yangu ameniambia. Mutoto yako mwenyewe njo amefundisha.”

Mama akageuka, akaniangalia. Nimeangaliwa na Frère, na askari jandarme wa kizuizi cha barabarani, na mbwa wa Wazungu. Hakuna hata mmoja aliyeniangalia hivyo. Kisha akaniwekea kopo mkononi.

“Pima weye. Mwenye shimi.”

Nikapima. Nililishika kopo kwa nje, kwa ncha za vidole, kama chupa ya asidi. Nikajaza hadi ukingo, nikasawazisha, nikamwaga. Kopo kamili, la haki, pengine la kwanza tangu soko lile lijengwe. Bibi wa enspekta akabaki ameshika beseni.

“Na matabishi?”

“Haina, mama. Kopo iko yenye kuyala hadi juu. Kila kintu iko ndani.”

“Haina matabishi?”

“Ile matabishi ilikuwaka ya kidole. Sasa kidole haiko, njo—”

“Mm-mm! Batoto ya sasa! Bachoyo sawa nini!” Akawageukia wenzake. “Muliona? Bananipimia kikavu, sawa Muzungu.”

Akarudisha unga wangu guniani, wote, akavuka hatua chache hadi kwa jirani yetu. Jirani akachovya kopo na dole lake, ambalo lilikuwa nene kuliko la mama, akamwaga, akaongeza kirundo juu. “Na hii ni yako, mama mukubwa.” Bibi wa enspekta akacheka kwa furaha, akashukuru, akaondoka na unga pungufu kuliko ule aliokuwa ameukataa. Wenzake wakafuata. Na mwanamke aliyekuwa amesimama nyuma yao, ambaye hakuwa na ugomvi na mtu, naye akafuata.

Nilitaka kuwaita niwaeleze. Nilikuwa na ekwasio kamili kichwani, pande zote sawasawa. Hakuna mtu sokoni aliyekuwa anaitaka.

Jua likafika juu ya bati la fundi cherehani. Gunia lilikuwa limejaa kama lilivyokuja.

“Minervali, feza ya shule yako,” mama akasema, “inatokaka wapi?”

“Mu gunia, mama.”

“Na gunia ikibakia muzima?”

Nikaangalia gunia. Limejaa, limetulia, limenenepa kama mjomba wangu wa Lukafu akikaa mbele ya shamba lake.

Kulikuwa na mwanamke anapita na kikapu, anatazama huku na huku. Mama hakunipokonya kopo. Alinisubiri tu. Nikalizamisha katika unga, na dole langu gumba likaingia lenyewe, likalala ukutani, vizuri, kama limerudi nyumbani.

“Kuya, mama, kuya uone!” nikaita. “Kwetu hapa tunaongezaka!”